Mwiba wa Gogogo

Bi Rukia alifariki alfajiri, na habari zilinikuta jikoni nakaanga maandazi. Binti yake Zuhura alinipigia simu. "Mama mdogo, Mama ametutoka. Tunazika leo hii saa kumi, hapahapa Mkolani." Nikampa pole, nikamwambia nakuja, nikakata simu. Sasa mimi nikianza kusema huwa sisemi nusu, kwa hiyo hili nalisema mwanzoni kabisa: kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Nilisikia mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua debe la maji kichwani. Nikasema moyoni, basi, sasa hakuna mwingine anayejua. Halafu nikayaona maandazi yameungua upande mmoja, mimi nimesimama tu na mwiko, na hapo ndipo nikaona aibu. Mwanamke aliyenipa pa kulala na pa kula amekufa, na mimi nimepumua.

Wajukuu wangu wananijua. Neema, huyu anayeniandikia maana mimi nililoishia ni darasa la nne, anasema bibi hata akizibwa mdomo ataongea kwa masikio. Ni kweli. Kwenye foleni ya zahanati, bombani, hata msibani kwenye kuchambua mchele, mimi ndiye wa kuwachekesha wenzangu, na napenda, sikatai, napenda kumwona mtu mzima anashika mbavu. Lakini kuna mwaka mmoja ambao nikiufikia huwa nauruka. Nawaambia nilikaa Kirumba, nikafanya kazi kiwanda cha samaki, halafu nahamia kwenye habari ya harusi yangu na yule mbuzi. Niliporudi kutoka msibani Mkolani nilikaa siku tatu sisemi. Neema akauliza, bibi unaumwa? Nikamwambia hapana, chukua daftari. Na usinirekebishe maneno, andika ninavyosema.

Mwaka wenyewe ni ule wa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa ruksa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Chumba chetu kilikuwa Kirumba, kule juu kwenye mawe, na ukuta wake wa nyuma haukuwa ukuta, lilikuwa ni jiwe lenyewe la mlima. Aliyejenga alishindwa kulivunja, akaona basi, akaliunganisha na nyumba. Masika lile jiwe lilitoka jasho, maji yanachuruzika polepole mpaka chini ya mkeka, nguo zetu zote zinanuka uvundo. Kiangazi likawa na ubaridi mzuri, tunaegemeza migongo mchana tukitoka Mwaloni, tunanyoosha miguu, tunakula karanga. Nasema tunakula maana nilikuwa na Nyamizi. Tulijuana sokoni palepale Mwaloni, yeye katokea ng'ambo, upande wa Sengerema, na tukakubaliana kulala kitanda kimoja ili tumudu chumba. Nyamizi alikuwa msichana mrefu, si muongeaji, lakini alikuwa na mikono. Sijui niseme vipi. Wanawake walipanda ule mlima wa mawe na miguu yao mizito kuja kusukwa na Nyamizi, maana alikuwa anasuka nywele mtu anasinzia, husikii hata unavutwa. Kisu vilevile. Mpe samaki, unageuka kuchukua chumvi, unakuta ameshapasuliwa na kuoshwa.

Mwenye nyumba ndiye Bi Rukia, mjane, mtu wa Tanga, aliyeletwa Mwanza na treni akiwa bibi harusi na hakurudi tena pwani. Ziwa letu alikuwa analiita "hili bwawa lenu." Usimwambie kitu. Jioni tulikula pamoja uani, sinia moja, sisi wawili na yeye na Zuhura akiwa bado mdogo. Ugali wa udaga, yaani unga wa mihogo, na mboga ni gogogo. Na hapo lazima nisimame nimweleze gogogo, maana watoto wa siku hizi wanamjua sangara na sato tu. Gogogo ni samaki mdogo, urefu wa kiganja, hana magamba, anateleza, ana ndevu na kichwa kigumu kama ganda. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni, miwili ubavuni, yenye meno kama msumeno. Ukimshika anaisimamisha, inakaza, huwezi kuilaza tena, na hiyo miiba ina sumu. Mdogo vile anaweza kumlaza mwanaume siku nzima analia kwa mama yake. Halafu ana sauti. Ukimtoa majini anakoroma, go-go-go, kwa hiyo uani kwetu ukikaa kimya unasikia beseni linanung'unika. Bi Rukia alimpika na ukwaju, na nazi ikiwa imekuja na treni alitia na nazi, na mpaka leo mate yananitoka, ingawa toka mwaka ule gogogo sijamtia mdomoni.

Tulimla yeye kwa sababu wakubwa hawakuwa wetu tena. Zamani kidogo mwanamke alikuwa anasimama Mwaloni mtumbwi ukifika, anachagua sangara wake, anakwenda kumkaanga. Mwaka ule viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguka, magari yenye barafu yanasubiri pale pale ukingoni, sangara anatoka kwenye mtumbwi anaingia kwenye gari, minofu inapanda ndege. Sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa, na gogogo. Wavuvi walimchukia gogogo kwa sababu ananasa kwenye nyavu kwa ile miiba, kumnasua ni kazi ya kuchomwa. Basi makubaliano yalikuwa hivi: ninyi wanawake tunasulieni nyavu, gogogo wote chukueni. Wavuvi walikaa pembeni wanavuta sigara na kutucheka. "Hawa ndio mabibi wa gogogo," anasema mmoja, "mkioa hapa hakikisheni mnavaa glavu." Na sisi tunawajibu, mimi hasa. Nilimwambia mmoja, kaka, wewe hata bila mwiba nani atakushika? Walicheka mpaka wakakaa chini kwenye mchanga.

Kazi nyingine ilifanyika uani kwa Bi Rukia, na ilikuwa na utaratibu wake. Beseni jekundu ni la gogogo wazima, limefunikwa gunia lililoloweshwa. Beseni la bluu ni la waliovunjwa. Mmoja anakaa na plaisi, anamshika gogogo kichwani kwa kipande cha gunia, anavunja miiba yote mitatu, anamtupa kwenye bluu. Mwingine anatia mkono kwenye bluu bila hata kuangalia, anapasua. Ndiyo maana kasi ilikuwa kubwa: wa kisu haangalii, anamwamini wa plaisi. Na Bi Rukia alikuwa na amri moja tu katika kazi hiyo, na amri yenyewe ilinilenga mimi. "Kabula, ukishika plaisi funga bakuli lako. Utazungumza ukimaliza. Siku utakayomchoma mwenzio kwa maneno yako, kitanda chako utakikuta barabarani." Sikudhani anatania. Alikwishamtoa mpangaji mmoja kwa kosa dogo kuliko hilo.

Alikuwa akituambia pia habari za kwao. Baharini, anasema, yuko mwenziwe gogogo, wao wanamwita ngogo, mdogo, mweusi mwenye mistari, na watoto wake huenda kwa makundi wamejikunja kama mpira, anayekanyaga pale hasahau. "Sisi kwetu akikuchoma, dawa yake maji ya moto. Moto wa kuvumilia, utie mkono humo mpaka maumivu yakimbie. Na kamba msifunge kabisa. Mtu mjinga ndiye afungaye kamba." Sisi tuliitikia, ndiyo Bi Rukia, halafu tukiwa chumbani tunacheka tumeegemea jiwe. Maana Mwaloni sote tulijua dawa ya gogogo: unapaka ute wake mwenyewe, unafunga uzi wa wavu kwa nguvu ili sumu isipande, na uzi haufunguliwi mpaka jua lizame mara mbili. Hivyo ndivyo walivyofanya wote ukingoni. Maji ya moto tuliona ni mambo ya baharini. Samaki wa maji ya chumvi na samaki wa ziwa, dawa itakuwaje moja? Nyamizi alisema, labda na sisi tukichomwa tupande treni kwanza. Ilikuwa mara chache Nyamizi kuchekesha, kwa hiyo naikumbuka.

Basi kikatokea kiwanda kinataka wasichana wa kukata minofu. Habari zilipanda ule mlima haraka kuliko wenye nywele za kusuka. Wanakagua mikono, walisema. Mwenye kidonda hapiti, mwenye ukurutu hapiti, mwenye kucha mbovu hapiti, kwa sababu minofu inakwenda Ulaya. Ukaguzi ni Jumatatu asubuhi. Nyamizi alikuwa na hamu na ile kazi kupita mimi. Alikuwa amenihesabia kila kitu: ataingia kiwandani, atapanga chumba chake chenye kuta nne, amlete mdogo wake kutoka ng'ambo asome mjini. Wiki nzima alipaka mikono mafuta ya nazi aliyopewa na Bi Rukia, usiku anaivika soksi. Alikuwa ananionyesha. "Kabula, tazama. Hivi wataikataa hii?" Nikamwambia hiyo mikono wataiomba uwaachie wabaki nayo, wewe urudi nyumbani.

Jumamosi ile mchana tulikuwa uani wawili tu. Bi Rukia alikuwa ametoka na Zuhura kwenda kununua vitu vya safari, maana kesho yake alfajiri walikuwa wanavuka ng'ambo kwa pantoni ya Kigongo, wifi yake mgonjwa huko. Uwanjani kulikuwa na mpira, na toka kule kwetu mlimani tulisikia watu wanapiga kelele, zinapanda, zinashuka. Mimi nilikuwa na plaisi. Nyamizi alikuwa na kisu, na alikuwa amenyamaza sana, naona kwa hofu ya Jumatatu, na mimi sipendi mtu anyamaze mbele yangu. Nikaona nimchangamshe. Nikaanza habari ya yule mwanamke wa Kigongo na bata.

Kwamba siku hiyo walikuwa wamekataza ndege kwenye pantoni kwa sababu ya ugonjwa wa kuku, na mama huyu ana bata wake wa kupeleka kwenye arusi ya ng'ambo. Akamfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akamvika na kofia ya sufu. Mkata tiketi anamwangalia. "Mama, mtoto wako mbona ana pua ndefu?" "Kachukua kwa baba yake." Nyamizi akaanza kutikisika mabega. "Na mbona analia hivyo?" "Ana kifua, baba, nampeleka hospitali." Mimi hapo nimesimama, plaisi mkononi, nainama kama yule mama, natembea kama bata, uwanjani wanapiga kelele kama wananishangilia mimi. "Haya, nimwandike. Mtoto anaitwa nani?" Nyamizi alikuwa anafuta machozi kwa kiwiko. Akasema, "Enhe, anaitwa nani?" na akatia mkono kwenye beseni la bluu.

Hakupiga kelele. Alisema "ah," taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Akautoa mkono, na gogogo akatoka nao, amening'inia, amejichomeka katikati ya kidole cha kati na cha pete, miiba yake yote mitatu imesimama mizima. Nilimtupa mimi. Nilipokuwa naigiza bata mkono wangu ulichukua samaki kutoka kwenye jekundu ukamtupa kwenye bluu, bila plaisi, bila kuangalia. Maumivu yalipomfikia begani ndipo alipokaa chini, akaanza kupiga kisogo ukutani, na uwanjani wakafunga bao, na hata kama alilia hakuna aliyesikia zaidi yangu. Nikamvuta yule samaki. Mwiba ukakatika, ncha ikabaki ndani. Nikampaka ute. Nikakata uzi wa wavu, nikavifunga vile vidole viwili shinani kwa nguvu zangu zote, naye ananiambia kaza, Kabula, kaza, isipande. Halafu nikaufunika mkono wote kwa kipande cha kanga, nikamlaza chumbani.

Bi Rukia alirudi jua likiwa bado lipo. Alisimama pale uani akiwa na vifurushi, akayaona mabeseni hayajamalizwa. "Mwenzio yuko wapi?"

"Kalala, Bi Rukia. Kajikata kidogo."

"Kwa kitu gani?"

Aliponiuliza, alikuwa ananiangalia mdomo, naapa, si macho. Nikaona kitanda kikiwa barabarani. Nikaona Jumatatu naamka sina pa kuamkia. Nikasema, "Kisu."

"Damu imekata?"

"Imekata."

Akachungulia kwenye pazia, akamwona Nyamizi amejifunika, mkono umefungwa vizuri kwa kitambaa. Akasema, "Kisu si kitu. Mwambie tu asiuloweshe maji. Kabisa asiuloweshe." Akaenda kufunga mizigo yake. Na sisi tulifuata. Hatukuulowesha maji.

Jumapili Nyamizi alishinda ameegemea jiwe kwa sababu lilikuwa la baridi na yeye alikuwa anawaka. Nilimpikia uji, akanywa vijiko viwili. Nilimsimulia mambo mengi siku ile, sijui hata nilisema nini, nilikuwa naogopa kimya. Alasiri akasema vidole havisikii tena. Tukafurahi. Tulisema sumu imelala. Nilimuuliza tufungue uzi, akasema hapana, jua lizame mara ya pili, tusije tukaharibu. Lilipozama alikuwa amesinzia, nikaona tutafungua tukitoka kiwandani.

Jumatatu tulishuka pamoja, mimi nimembebea pochi. Wasichana walikuwa wengi getini, wamevaa vizuri kama wanaenda kanisani. Ndani kulikuwa na meza iliyotandikwa plastiki nyeupe na msimamizi mwanaume, wala hakuwa mkali. "Nyosha. Geuza. Pita." Mimi nikanyosha, nikageuza, nikapita. Nyamizi alikuwa nyuma yangu. Msimamizi akamwambia, "Dada, fungua hicho kitambaa." Nyamizi akamwambia ni mchubuko tu, kesho utakuwa umepona, kaka yangu, nipe kisu unione kwanza. "Fungua, dada." Akafungua. Msimamizi alivuta plastiki upande wake, kama unavyoondoa sahani mbele ya nzi, akamwambia nenda hospitali dada, nenda sasa hivi. Na mimi nilikuwa nimeshapita upande wa pili, nimepewa buti na aproni, na mlango ulikuwa umefungwa katikati yetu. Ningeweza kuzivua. Nimekaa na hilo miaka mingi kuliko hata lile la kisu. Nilisimama na zile buti, nikamwona kupitia kioo cha dirisha anashuka ngazi ameshika mkono wake kwa mkono mwingine, na nikaingia kazini. Na hospitali hakwenda. Alirudi Kirumba akalala, maana jua lilikuwa limeshazama mara mbili na alitaka kufungua uzi, na uzi ulikuwa umezama ndani ya nyama hauonekani.

Bi Rukia ndiye aliyemkuta, alipotoka Kigongo jioni ile. Mimi nilifika kutoka kazini nikakuta taa imewashwa jua halijazama, ameuweka ule mkono mapajani, anautazama. Chumba kilikuwa na harufu. Nyamizi alikuwa na homa kali, anaongea maneno tusiyoyaelewa. Bi Rukia alikuwa ameshakata uzi. Alishika kitu kwa kucha zake, kidogo kama punje, chenye meno. Akaniangalia. "Hiki kisu chenu kina meno, Kabula?" Tukambeba.

Vidole viwili vilikatwa wiki ile. Kwenye benchi nje ya wodi Bi Rukia aliongea bila kugeuza uso. "Ungetaja gogogo tu. Ningekata ile kamba Jumamosi ileile, nikatia mkono kwenye maji ya moto. Sumu ile haili vidole. Kamba ndiyo imekula." Nikamwambia Bi Rukia nifukuze. Akasema, "Nikikufukuza nani atamhudumia? Wewe utakaa." Nikamuuliza atamwambia Nyamizi? Akasema, "Mdomo unao wewe, tena mrefu. Siku utakayoweza, utamwambia mwenyewe. Mimi sitasema." Na hakusema. Miaka yote ile, Iddi kwa Iddi nilikwenda kumwamkia, kwanza Kirumba halafu alipohamia Mkolani kwa Zuhura, shikamoo Bi Rukia, marahaba mwanangu, ananipa chai, na kabla sijaondoka ananiuliza swali lilelile kwa sauti ndogo: "Umeweza?" Nasema bado. Anasema haya.

Tulikaa na Nyamizi miezi saba zaidi katika kile chumba. Mimi nikitoka kiwandani nakuja na mapanki, tunachemsha, tunanyonya mifupa, yeye kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimejifunza kukata minofu, ila polepole, na kila siku nikiwa pale kwenye maji ya baridi nilijua hiki kisu mwenye nacho yuko nyumbani amekaa. Siku moja alikuja mama mmoja, mteja wake wa zamani, hana habari, akakaa chini miguuni pa Nyamizi, akafungua kitambaa cha kichwa. Nyamizi hakumwambia kitu. Alijaribu. Alichukua nywele, zikateleza pale palipokuwa na vidole, akachukua tena, zikateleza. Yule mama akasema bila kugeuka, "Leo mbona unanivuta, mwanangu?" Na mimi nikarukia maneno, nikaanza kichekesho fulani, nacheka peke yangu. Nyamizi akaniambia, "Kabula, nyamaza kidogo." Ndiyo mara pekee aliyonigombeza.

Alipoamua kurudi kwao nilimsindikiza mpaka Kigongo. Alibeba zile soksi alizokuwa anavaa mikononi, sijui kwa nini, ziko juu kabisa ya mfuko wake. Pantoni ilipokuwa inang'oa nanga nikamwona amesimama kwenye ukingo, ameuficha mkono ndani ya kanga. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia hapo. Nilikuwa nimeyapanga toka nyumbani. Nilimpungia.

Sasa Mkolani. Wanaume walikuwa wameshakwenda makaburini, sisi wanawake tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, na mimi nilikuwa natafuta pa kupenya nikaketi, nikasikia, "Kabula. Mwadila." Alikuwa Nyamizi, amekonda, mvi zote nje, lakini ule urefu hauzeeki. Nikaitikia salamu hiyo ya Kisukuma, sauti haikutoka vizuri. Tukakaa bega kwa bega. Akaniambia Zuhura alimtafuta kwa simu, akapanda gari asubuhi ileile. Akaniambia ana shamba la mihogo, mume alishafariki, mdogo wake hakusoma. Alinieleza hayo taratibu kama mtu anayehesabu mifugo. Halafu akatabasamu kidogo. "Nimefikiria njia nzima. Yule mama wa bata. Hukunimalizia. Mkata tiketi alipomuuliza, alisema mtoto anaitwa nani?"

Nikamwambia, "Nyamizi, yule samaki nilimtupa mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Mle uani tulikuwa wawili, Kabula. Ulidhani nadhani alipanda kwenye beseni mwenyewe?" Akanigonga goti kwa kile kiganja. "Yalishaisha hayo. Tulikuwa tunacheka. Nimwambie nani kwamba niliumia nikiwa nacheka? Nimeshukuru hata hilo. Haya, bata anaitwa nani?"

Ningeishia pale. Alikuwa amenipa mlango. Bi Rukia yuko chini ya udongo na hakuna wa kuniuliza tena kama nimeweza. Lakini nilimwona kama yuko pale nyuma ya turubai na kikombe cha chai, ananisubiri. Nikasema yote. Kwamba Bi Rukia alirudi Jumamosi ile jua lipo, akauliza, na mimi nikataja kisu. Kwamba kwa kisu alisema usiloweshe maji, na kwa gogogo angekata kamba na kuutia mkono kwenye maji ya moto. Kwamba niliogopa kitanda changu. Kwamba Bi Rukia alijua, na akanyamaza kwa ajili yangu mpaka leo.

Nyamizi aliutoa mkono wake kwenye goti langu, akauweka mapajani kwake, akautazama kama siku ile Bi Rukia alivyoutazama. Wanawake wengine walikuwa wanazungumza bei ya mchele, mwingine anabembeleza mtoto. Akasema, lakini si kwangu, "Nilimlaumu yeye. Nilisema, huyu bibi aliniona nimelala akaenda safari zake." Halafu akasema, "Miaka yote hiyo sikuja kumsalimu." Na habari ya bata hakuiuliza tena.

Chakula kikaanza kupita. Msichana mmoja alikuwa anazunguka na jagi na beseni la kunawia, amefika kwetu, nikamwambia niachie mimi. Jagi lilikuwa la moto, nililishika kwa ncha ya kanga. Nikapiga magoti mbele ya Nyamizi. Nilikuwa na jina la yule bata mdomoni, liko tayari, na najua angecheka, hakuna mtu aliyewahi kulisikia asicheke. Sikulisema. Na hapa pia, Neema, usiandike.

"Yana moto?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Aliniangalia kitambo. Halafu akaunyosha ule mkono, akaugeuza, nikamwagia taratibu, na sote wawili tukanyamaza mpaka jagi likaisha.